Wauzaji wa "kilometa chache", mnatuona watoto?

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, na mhusika anajijua.

Toyota Axio ya 2008, namba D (usajili wa Tanzania wa herufi D), tangazo linasema: "Kilometa 56,000 tu, ilikuwa ya mama, haijaguswa." Hata tukiishia 2024, hiyo ni 3,500 kwa mwaka, hazifiki kumi kwa siku. Mama huyo ofisi yake iko sebuleni? Halafu raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma kinachungulia, usukani unang'aa kama kiatu cha kiwi, na kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango. Mita mmeirudisha, pedali mmeisahau.

Picha ya dashibodi si ushahidi. Tunataka cheti cha kusafirisha gari nje kilichotoka nalo Japani. Kule gari dogo la binafsi likiwa jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miwili, na kilometa za siku ya ukaguzi huandikwa. Cheti kikisema 94,000 na mita ikasoma 56,000, hapo hakuna cha kujadili. Cheti kimepotea? (Vyeti vya magari haya hupotea sana, sijui kwa nini.) Basi fungua boneti na mlango wa dereva, utafute stika ya Kijapani ya kubadilisha oili: ina tarehe na kilometa, na wajanja wengi husahau kuibandua.

Na hata kama kilometa ni za kweli, gari lililolala nalo lina shida zake. Tairi lenye namba 1409 limetengenezwa wiki ya 14 ya 2009. Kashata zimejaa lakini mpira umekauka na kupasuka ubavuni. Oili haisubiri mita: injini ya 1NZ, ile ya Axio hii, inakunywa kama lita 3.7 pamoja na filta, na hubadilishwa kila kilometa 5,000 au miezi sita, kinachotangulia.

Giaboksi ndiyo balaa. Ile ni CVT (otomatiki ya mkanda, haina gia za hatua), inataka oili yake. Fundi akimimina ATF ya kawaida (oili ya giaboksi nyingine za otomatiki), mkanda wa ndani unaanza kuteleza: unakanyaga, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda, gari linajivuta, likiondoka linatetemeka. Mnunuzi aliwashe likiwa baridi. Ukilikuta limeshapashwa moto "ili usisubiri", ondoka.

Tangazo lijalo weka picha ya cheti, pedali na namba za tairi, na bei uiandike hapohapo. Dalali anayeulizwa cheti akajibu "gari linajieleza lenyewe", alipigie simu litueleze.