Picha za kipaimara: ziwa linang'aa, nyuso nyeusi

Wakuu, Jumapili napiga picha za kipaimara cha mdogo wangu, Capri Point, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mara ya mwisho ziwa liling'aa, nyuso zikawa masizi. Bibi akauliza, "Huyu nani?" Nifanyeje?

Jibu: Dogo, saa 8 mchana usimpige mtu ziwa likiwa mgongoni mwake. Wapeleke kivulini, chini ya mwembe. Saa 12 jioni jua likishuka upande wa ziwa, wageuze walitazame. Kwenye kulishana keki weka kasi ya shata (muda kamera inaposhika picha) 1/250 ya sekunde, mkono wa shangazi hautulii. Mimi humvizia bibi anapofunga kanga upya kabla ya kucheza. Picha hiyo ndiyo hutundikwa sebuleni.

Jibu: Na betri ya akiba! Yangu ilikata kwenye keki.

Muulizaji: Asante kaka. Mwembe upo, bibi ndo kwanza kanunua kanga.