Shule ikishaambiwa na mtoto, ifanye nini kwanza?

Shangazi, Malindi:
Assalaam alaykum. Mpwa wangu wa miaka 11 alimweleza mwalimu wake wa darasa kwamba mwalimu anayewafundisha masomo ya ziada humshikashika. Tulipoitwa shuleni tulimkuta mkuu ameketi na mtuhumiwa, na mtoto akatakiwa kuyarudia maneno yake mbele ya mtu huyo. Kisha tukaombwa tungoje bodi ikutane, tena tusiitoe habari nje kwa ajili ya jina la shule. Tangu siku ile mtoto hasemi. Je, ndivyo inavyotakiwa?

Mwalimu mstaafu, Lamu:
Wa alaykum salaam. Sivyo, dada yangu. Waraka namba 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unamtaka mwalimu aliyepata habari, au anayeshuku tu, kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha huadhibiwa yeye mwenyewe. Si kazi ya mkuu kupima nani mkweli; hiyo ni ya polisi na afisa wa watoto. Yake ni kumsikiliza mtoto faraghani, kuyaandika maneno yake kama alivyoyasema, na kumweka mtuhumiwa mbali na wanafunzi. Kumkabilisha mtoto na mtu anayemwogopa kumeniuma sana, kwani nimewaona waliofungwa midomo namna hiyo wakakaa miaka bila kumwamini mtu mzima yeyote.

Mzee wa mtaa, Malindi:
Ni kweli, lakini wazee wa pande mbili wangekutana kwanza, aibu ya binti isienee.

Mama wa watatu, Malindi:
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, aibu hiyo si ya binti. Sisi, lilipotufika kama hili, tulikubali maslaha, yaani mapatano ya wazee, na mtu yule akahamia shule nyingine akaendelea kufundisha. Makosa haya yamo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na wazee wala wazazi hawana uwezo wa kuyafuta kwa kusameheana. Dada, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Iwapo mtoto aliingiliwa, nguo zisifuliwe, na afikishwe hospitali upesi, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita.

Shangazi, Malindi:
Nimepiga. Kesho asubuhi tunakwenda kwa afisa wa watoto, na yule mwalimu wa darasa amekubali kufuatana nasi.