Kalavati la milimita 600 linazidiwa kila masika: wa kuwajibika ni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), manispaa au wenye viwanja?

Mkazi wa Bondeni
Wakuu, habari za leo. Barabara ya mtaa, Dar, lami nyembamba, inakatisha mkondo mdogo. Chini kuna kalavati moja la bomba la zege, kipenyo milimita 600, urefu mita 8. Zamani maji yalipita vizuri. Sasa mvua ya saa moja tu inaleta maji ya magotini juu ya lami. Kila ofisi inatuelekeza kwa nyingine. Tatizo ni bomba, taka au ujenzi? Na barua iende kwa nani?

Fundi Levo
Mkuu, anza na hesabu. Tuseme hekta 10 zinamwaga maji hapo na mvua ni milimita 50 kwa saa. Eneo likiwa na nyasi na miembe, asilimia 30 hivi ndiyo inayofika mtaroni: lita 400 kwa sekunde. Likishajaa mabati na pevingi, inafika asilimia 80, yaani lita 1,100. Bomba lenu likiwa safi, lenye mteremko wa asilimia 1, linapitisha kama lita 600. Aliyeliweka hakukosea, mtaa ndio uliobadilika. Bomba la milimita 900 lingepitisha 1,800, mara tatu ya hilo.
Mteremko mnaweza kuupima wenyewe kwa mpira wa maji wa fundi ujenzi: kwa mita 8, tundu la kutokea liwe chini kwa sentimita 8 kuliko la kuingilia. Chomeka nondo kwenye mchanga hadi igonge zege, upate kina cha mchanga.

Mtaro Wazi
Hesabu ni sahihi, ila msikimbilie bomba kubwa. Angalieni kwanza upande wa chini, maji yanakotoka bombani. Kama upande huo maji yamesimama juu ya mdomo wa bomba, hata mkiweka la milimita 1,200 yatarudi tu. Jangwani, hapa Dar, ni mfano mkubwa wa jambo hilo: mto Msimbazi unashuka na mchanga toka vilima vya Pugu, ukifika bondeni kwenye tambarare mwendo unapungua, mchanga unatua, kina kinakwisha na maji yanapanda Barabara ya Morogoro.

Mkazi wa Bondeni
Nimepima. Mchanga una sentimita 25. Mteremko ni sentimita 7. Mita 15 baada ya kutokea, ukuta wa kiwanja umeubana mtaro, umebaki upana wa nusu mita.

Sheria na Barabara
Basi mna wahusika watatu, si mmoja. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mtaa kama yenu ziko chini ya TARURA tangu 2017, pamoja na kalavati na mitaro yake. Hao ndio wa kuzibua na kupanua. Taka ngumu ni kazi ya halmashauri. Ukuta ni wa mwenye kiwanja, na aliyetoa kibali (kama kipo) aulizwe. Halafu kama mkondo huo unahesabika kuwa mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kingo.
Barua ipitie kwa mtendaji wa mtaa, iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi wa manispaa. Andikeni vipimo hivyo hivyo ulivyovitaja hapa, na picha ya ukuta ikiwa na futi kamba imetandazwa kwenye mtaro. Barua ya "tunateseka na maji" inawekwa kwenye faili. Yenye vipimo inamlazimu mhandisi aje apime mwenyewe.

Mtaro Wazi
Mkizibua kwa nguvu kazi, anzeni chini mkipanda juu, la sivyo mnasukumia tope kwenye kizuizi. Mchanga ubebwe siku hiyo hiyo. Ukirundikwa ukingoni, mvua moja inaurudisha wote. Na wanaotapisha vyoo mtaroni mvua ikinyesha wakatazwe, maana wanaozibua wanaingia humo kwa miguu.

Fundi Levo
Kama juu ya bomba hakuna nafasi ya la 900, watu hupendekeza mawili ya 600. Kwa mtaa wenye chupa na mifuko mingi sikushauri, yanaziba upesi. Ombeni kalavati la boksi, yaani la umbo la mstatili. Ila lami isifumuliwe kabla mtaro haujarudishiwa upana wake pale ukutani.