Nimeitwa kuongoza programu ya umetaboli wa saratani. Nikubali au nibaki na maabara yangu?

Mwana_Mlandizi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko vyuoni huku ughaibuni.

Ni profesa mshiriki kwenye chuo kimoja cha tiba Marekani. Maabara yangu inachunguza umetaboli, yaani seli za saratani zinavyotumia chakula chake: glukosi (sukari) na glutamini (asidi amino). Kwa wasio wa fani: miaka ya 1920 Otto Warburg, akiwa Berlin, aliona uvimbe wa saratani unakula sukari nyingi na kutoa laktiki (asidi inayobaki sukari ikivunjwa) hata pale oksijeni ilipo tele. Kipimo cha PET mnachokisikia hospitalini kinategemea tabia hiyohiyo: mgonjwa anachomwa glukosi yenye mionzi, na uvimbe unaoila kwa pupa unawaka kwenye picha.

Sasa mkurugenzi wa kituo chetu cha saratani anataka niwe mkuu wa programu ya umetaboli na papo hapo naibu wake upande wa sayansi ya msingi. Mshahara unapanda kidogo tu. Nina wanafunzi wa uzamivu ambao hawajamaliza, na ruzuku yangu kubwa inaisha mwakani. Mke wangu anasema cheo hakikataliwi. Jirani yangu wa maabara anasema nitageuka karani wa vikao. Mnaonaje?

Kisiki_cha_Mpingo:
Hongera mkuu. Kabla ya yote, mshahara wako unalipwa na nani? Vyuo vingi vya tiba huko unajilipa sehemu kubwa kutokana na ruzuku zako mwenyewe. Kazi ikila asilimia 40 ya muda wako na barua ya ofa ikalipia 10, hiyo 30 iliyobaki utaitafuta usiku wa manane, watoto wamelala. Uliza kwanza, furahi baadaye.

Dada_wa_Glasgow:
Huyo jirani yako ana hoja, ila anaikuza. Karen Vousden aliongoza Taasisi ya Beatson ya utafiti wa saratani hapa Glasgow zaidi ya miaka kumi, kisha 2016 akawa mwanasayansi mkuu wa Cancer Research UK, shirika la hisani la saratani Uingereza, huku ana maabara yake Taasisi ya Crick, London. Craig Thompson, mmoja wa waliofufua fani hii, aliongoza Memorial Sloan Kettering, kituo cha saratani New York, kuanzia 2010 hadi 2022. Matthew Vander Heiden anaongoza Taasisi ya Koch ya utafiti wa saratani pale chuo cha MIT tangu 2021. Uongozi haujawafuta kwenye sayansi.

Lakini angalia walikalia viti hivyo wakiwa na nini mkononi. Vousden alishajulikana dunia nzima kwa kazi ya p53, protini inayozuia saratani. Wewe ruzuku yako inaisha mwakani, kaka. Mimi ningedai kwanza mtafiti mwandamizi wa kukaa na wanafunzi, alipwe na kituo. Asipopatikana, ningekataa unaibu na kuchukua ukuu wa programu peke yake. Nani kakwambia lazima uvichukue vyote viwili?

Fundi_Mitambo:
Mimi si profesa, naendesha spektrometa za masi (mashine za kutambua kemikali kwa uzito wa molekuli) kwenye chuo kimoja Ulaya. Shikamooni wakubwa.

Nawaambia kinachotokea bosi akihamia vikaoni. Kemikali za umetaboli hubadilika ndani ya sekunde. Kipande cha uvimbe kikitolewa kwenye panya kinatakiwa kiingie kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, palepale. Mwanafunzi akisimama nacho huku anatafuta kibano, ATP (kemikali inayobeba nishati ya seli) inashuka, laktiki inapanda, na mashine yangu inasoma ucheleweshaji wake. Michoro inatoka mizuri kabisa! Ni bosi aliyezoea kusimama pale mezani ndiye anayeitazama na kusema hii namba hapana. Akikosekana, mtu anaandika sura nzima ya tasnifu kwa data iliyooza.

Pia ulizia mkataba wa matengenezo ya mashine unalipwa na nani. Ni pesa ndefu. Ukiwa mkuu wa programu, mashine ikifa, simu zote zitakuja kwako.

Nyamwezi_Halisi:
Rudi nyumbani ujenge taifa.

Kisiki_cha_Mpingo:
Nyamwezi, basi mjengee maabara, atarudi kesho.

Daktari_Mstaafu_Tz:
Nitakwenda kinyume na wengi. Kubali. Fani yenu kwa sasa inahitaji wagonjwa kuliko panya. Kule Dallas, kundi la Ralph DeBerardinis huwapa wagonjwa glukosi yenye kaboni 13 (kaboni nzito isiyo na mionzi, inayofuatiliwa inakokwenda) wakati wa upasuaji, kisha wanapima kipande kilichotolewa. Ndivyo walivyoonyesha kwamba uvimbe wa mapafu ya binadamu hutumia hata laktiki kama chanzo cha nishati, si kuitoa tu. Kazi hiyo inataka mpasuaji, nesi wa usingizi, mtaalamu wa patholojia na kamati ya maadili wakubaliane asubuhi moja. Profesa mshiriki akiomba, mpasuaji anajibu "tutaona". Naibu mkurugenzi akiomba, ratiba inapangwa.

Dada_wa_Glasgow:
Hapo umenigusa, daktari. Ila cheo bila bajeti, mpasuaji bado atasema tutaona.

Mhasibu_wa_Ruzuku:
Nafanya kazi upande wa fedha. Vituo vinavyotambuliwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani Marekani huomba upya ruzuku ya kituo kila baada ya miaka 5, na wakaguzi huipa kila programu alama yake. Uliza yenu inaombwa lini. Ikiwa ni mwaka ujao, basi umeitwa uandike kurasa hizo na ubebe lawama zikianguka. Na ahadi za mdomo usizishike: Februari 2025 NIH (Taasisi za Taifa za Afya Marekani, zinazotoa ruzuku) ilipotangaza kushusha malipo ya gharama za uendeshaji hadi asilimia 15, mahakama ilizuia, lakini kwa hofu tu vyuo kadhaa vilisimamisha ajira.

Mwana_Mlandizi:
Asanteni sana. Mhasibu, nimeuliza: ni mwaka ujao kweli. Sasa naombaje haya bila kuonekana nina tamaa?

Mhasibu_wa_Ruzuku:
Andika hivi: "Niko tayari kuongoza programu. Ili alama yake iwe nzuri nahitaji yafuatayo kwenye barua ya ofa: asilimia 30 ya mshahara wangu kutoka kituoni, mtafiti mwandamizi kwa miaka 3, niwe na sauti kwenye ajira mpya mbili, na mkataba wa matengenezo ya spektrometa. Unaibu tuuzungumzie baada ya ukaguzi." Kisha usimtumie ujumbe mwingine mpaka ajibu.