Tunapigwa eksirei kila tukitoka kazini, na hakuna aliyetuambia kuwa ni eksirei

Wakuu, leo mtanivumilia, nimechafukwa.

Kazini kwetu wamefunga skana ya kupekua watu kwenye mlango wa kutokea. Siyo ile ya kupitishia mabegi. Hii unapanda mwenyewe kwenye kijukwaa, unakanyaga nyayo zilizochorwa, kinakusogeza polepole mbele ya mtambo, na mlinzi aliye kwenye skrini anaona mpaka ulichomeza. Sababu tuliyopewa ni wizi, basi. Nilimuuliza mlinzi kama hiyo ni eksirei. "Mwanga tu huo kaka, pita, unachelewesha wenzako." Mwanga gani unapenya mbavu?

Siku foleni ilipokwama nikapata nafasi ya kuutazama ubavu wa hiyo mashine. Kuna tangazo la sare limebandikwa kwa selotepu, na chini yake inachungulia kona ya njano ya alama ya mionzi. Yaani kiwanda kiliweka onyo, wenye mashine wakaliziba kwa tangazo la sare!

Kabla hamjaanza na "mionzi yenyewe kidogo mkuu, acha woga": najua ni kidogo. Kiwango cha Marekani cha mashine hizi, ANSI/HPS N43.17 cha 2009, kinataka mashine ya matumizi ya jumla isizidi mikrosiverti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 0.25 kwa kila mtu anapokaguliwa. Hiyo ni karibu sawa na mionzi ya asili anayoipata binadamu kwa saa moja akiwa amekaa tu. Ukiwa ndani ya ndege angani unapata zaidi. Sina ugomvi na hilo.

Ila kiwango hichohicho kina daraja la pili, la mashine za matumizi maalumu, zinazoruhusiwa kufika mikrosiverti 10 kwa mkupuo. Mara 40 ya zile za kwanza. Na kote kuwili kikomo cha mwaka ni kimoja: mtu asipate zaidi ya mikrosiverti 250 kutoka kituo kimoja. Haya, pigeni hesabu. Kwa 0.25 unapita mara 1,000. Kwa 10 unapita mara 25 tu na mwaka wako umeisha. Mtu wa zamu anazimaliza hizo 25 hata mwezi haujakatika. Ndiyo maana mashine za daraja hilo haziendeshwi bila kujua nani amepita mara ngapi. Sisi hatuandikwi popote. Nilipouliza yetu ni ya daraja gani, mkuu wa usalama akanijibu kwamba "iko ndani ya viwango". Viwango vipi? Vya nani? Kimya.

Na hata ingekuwa ya 0.25, bado kuna jambo linaloniudhi kuliko dozi. Viwango vya msingi vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, GSR Part 3 vya mwaka 2014, vimeandika waziwazi kwamba kupiga watu picha za mionzi ili kutafuta wizi hakuhalalishiki. Hawakuweka "isipokuwa". Kwa magendo pia kwa kawaida hakuna uhalali, labda itokee hali ya pekee kabisa. Ukija kwenye vitu vya kutishia usalama wa taifa, anayeamua ni serikali, siyo meneja wa ghala. Na anayekaguliwa lazima aelezwe kwamba anaweza kuomba njia nyingine isiyotumia mionzi hii, pale inapokuwepo. Ni kweli kila nchi ndiyo inayoviingiza viwango hivi kwenye sheria zake, lakini msituambie eti hakuna mwongozo.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya walizikataa skana za eksirei kwenye viwanja vya ndege tangu 2011, wakabakiza zisizotumia eksirei. Marekani nao waliziondoa za kwao viwanjani 2013. (Hao kilichowafanya waziondoe ni picha za kuonyesha watu kama uchi, siyo mionzi, tusichanganye.)

Halafu kuna dada mmoja mjamzito hapa kazini. Aliomba apekuliwe kwa mkono, akaambiwa aandike barua kwanza na aambatanishe cheti cha kliniki. Sawa, vikomo vya hizo mashine vimepangwa kwa kuwafikiria hata wajawazito na watoto. Lakini kwa nini atangaze mimba yake getini, mbele ya foleni nzima, ili apate kitu ambacho alitakiwa aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba anaweza kukiomba?

Barua ya kwenda kwa mamlaka ya mionzi nimeshaianza. Walio kwenye kazi za kupima mionzi humu, nisaidieni: mbali na leseni ya mashine, cheti cha mafunzo cha anayeiendesha na ripoti ya upimaji ambao unatakiwa kufanyika angalau kila mwaka, nidai karatasi gani nyingine? Na je, wanaweza kuninyima kwa kisingizio cha "siri za usalama"?