Unyayo wa kulia unaburuza, goti haliumi

MamaDagaa: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nachambua dagaa hapa Mwaloni Kirumba, nimechuchumaa tangu alfajiri mpaka jua likolee. Siku hizi nikitembea ndala ya kulia inanitoka, vidole havinyanyuki, na juu ya unyayo pana ganzi. Goti lenyewe haliumi hata kidogo! Jirani anasema nimerogwa. Ni nini hiki?

MtuWaViungo: Shikamoo mama. Huyo jirani mwache. Papasa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti: utagusa kinundu cha mfupa mwembamba, fibula. Chini yake tu kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inayozunguka mfupa ikiwa karibu kabisa na ngozi, na ndiyo inayoamrisha misuli ya kunyanyua unyayo. Kuchuchumaa muda mrefu huibana. Unaweza kusimama kwa ncha za vidole? Na kugeuza unyayo uangalie ndani?

MamaDagaa: Vyote naweza, tena kwa nguvu. Kutembea kwa visigino ndiyo siwezi.

MtuWaViungo: Basi naelekea kushuku hapo gotini kuliko mgongoni. Neva ya tano ya kiunoni ikibanwa inapotoka mgongoni, hata kule kugeuza ndani hulegea. Ila nenda ukapimwe mapema, na sukari pia, maana kisukari huharibu neva. Usikae umekunja nne. Chambulia juu ya kigoda.

MvuviUkara: Kigoda kirefu lakini! Vile vifupi vya jikoni ni kuchuchumaa kulekule.