Flashi haifutiki wala haikubali kufomatiwa

Swali
Ndugu zangu, nina flashi ya GB 16 ninayohifadhia hesabu za kikundi chetu cha vikoba. Tangu juma lililopita nikiifomati, Windows hujibu kuwa imeshindwa kukamilisha kazi hiyo. La ajabu ni kwamba mafaili nikiyafuta hutoweka, lakini nikiichomoa flashi na kuichomeka tena, nayakuta yote mahali pake. Haina swichi ya kufungia ubavuni. Nifanyeje?

Jibu la kwanza
Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi, andika diskpart, ambayo ni zana ya Windows ya kusimamia diski, kisha list disk. Itambue flashi yako kwa ukubwa wake, nayo itasomeka pungufu kidogo ya GB 16. Tafadhali usiharakishe hapa, maana ukikosea namba utafuta diski ya kompyuta yenyewe. Ikiwa ni namba 1, andika select disk 1, halafu attributes disk clear readonly ili kuondoa kinga inayozuia kuandika, na mwisho clean ili kufuta kila kilichomo. Ikikubali, ifomati upya.

Jibu la pili
Kujaribu si vibaya, ila sidhani kama itafaa. Kinga inayoondolewa na amri hiyo ni ile iliyowekwa na Windows, ilhali dalili ya mafaili kurudi huonyesha kuwa kidhibiti kilichomo ndani ya flashi, yaani chipu inayoongoza kusoma na kuandika, ndicho kilichokataa kuandika. Seli za kumbukumbu huchakaa kadiri zinavyofutwa na kuandikwa upya, na akiba ya seli zisizochakaa inapokwisha, vidhibiti vingi huiacha flashi isomeke tu ili mwenyewe aokoe vilivyomo. Kompyuta hukuonyesha kuwa faili limefutika kwa sababu imeyaweka mabadiliko hayo kwenye kumbukumbu yake yenyewe, wala hayakufika kwenye flashi. Nakili hesabu zako leo hii.

Muuliza swali
Ahsanteni. Amri ya kuondoa kinga ilikubali, lakini clean ikaleta hitilafu, na kwenye kompyuta nyingine imekuwa vivyo hivyo. Hesabu nimeshazinakili. Je, flashi hii nimpe mwanangu aitumie kusikilizia muziki?

Jibu la pili
Muziki wenyewe hutaweza kuuweka, ndugu yangu. Zaidi ya hayo, majina na akiba za wanakikundi bado zimo, na yeyote atakayeichomeka atazisoma. Fungua ganda, uiponde kwa nyundo ile chipu nyeusi iliyo kubwa. Kuvunja kichwa cha kuchomekea peke yake hakutoshi, kwa kuwa fundi anaweza kukiunga tena.